Uzi: AC ndiyo inayoozesha majalada yetu hapa Dar, si mvua

#1 Mtunza Majalada
Wakuu, habari za jioni.

Nafanya kazi kwenye chumba cha kumbukumbu cha taasisi moja hapa mjini, jina naliacha. Tuna madaftari ya tangu enzi ya Mjerumani, rejista za mazao, ramani za viwanja, na barua zilizopigwa taipu kwenye karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Miaka yote tulikaa na feni mbili na madirisha ya mbao tunayofungua asubuhi. Vumbi lilikuwepo, mende walikuwepo, ukungu ulitokea mara moja moja wakati wa masika.

Mwaka jana tukafungiwa AC mbili, madirisha yakapigwa misumari. Masika ya mwaka huu nimerudi kazini baada ya sikukuu ya siku nne, nikafungua mlango, harufu ikanipokea kama ya gunia la karanga lililolowa. Nikavuta rejista moja yenye mgongo wa ngozi. Mgongo mzima umeota manyoya ya kijani yaliyofifia, na juu ya jalada kuna miduara myeupe, kila mmoja na kitovu cha kijivu. Nilipoifungua, kitu kama moshi mwepesi kikanyanyuka kikapita kwenye mwanga wa tochi ya simu. Nilikohoa siku mbili.

Rafu za karibu na AC ndizo zilizoumia zaidi. Msimamo wangu ni kwamba AC ndiyo iliyotuletea haya. Mwenye hoja anikosoe.

#2 Kiti cha Mbele
Nimekaa pale, waje wenye fani yao.

#3 Mwana Maabara
Mkuu, pole. Kwanza, huo "moshi" ulikuwa spora, yaani mbegu za kuvu, na umezivuta. Usifungue jalada jingine bila barakoa ya N95. Ile ya kitambaa haisaidii. Spora nyingi zina upana wa mikroni 2 hadi 10, wakati unywele wa mtu ni kama mikroni 70.

Pili, AC haizai kuvu. Spora zipo hewani saa hizi, kwako na kwangu, sokoni Kariakoo na juu ya bahari. Aspergillus, Penicillium na Cladosporium ndizo utakazokutana nazo karibu kila maktaba duniani. Zinatua kwenye karatasi zinangoja. Chakula zinacho tayari: karatasi yenyewe, ngozi, gundi ya wanga iliyobandika jalada. Kinachokosekana ni maji tu. Unyevu wa hewa ukipanda zaidi ya asilimia 65 au 70 ukakaa hapo siku kadhaa, zinaamka. Kwa hiyo swali la kuuliza ni maji yametoka wapi. Mbegu zilikuwepo siku zote.

#4 Fundi Viyoyozi
Mimi nafunga AC mwaka wa 14 sasa na sitaitetea kwa sababu ndiyo ugali wangu. Nina maswali matatu kwa mleta uzi: mnaiwasha saa ngapi hadi saa ngapi, mmeiweka nyuzi ngapi, na ina ukubwa gani kwa chumba hicho?

#5 Mtunza Majalada
Saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Nyuzi 18. Ukubwa sijui, ila chumba kinapoa ndani ya dakika kumi unatafuta sweta.

#6 Fundi Viyoyozi
Basi sikiliza. Hewa ya Dar ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, umande unatunga kwenye kitu chochote chenye ubaridi wa nyuzi 25 kushuka chini. Ndiyo ile chupa ya soda uliyoitoa kwenye friji, mezani inatoka jasho. Sasa wewe umevipoza vitabu hadi nyuzi 20 mchana kutwa, saa tisa na nusu ukazima ukaenda zako. Hewa ya nje inapenya chini ya mlango na kwenye nyufa za madirisha, inavikuta vitabu vya baridi. Vitabu vinatoka jasho kama soda. Rafu iliyo karibu na AC ndiyo baridi zaidi, kwa hiyo inalowa zaidi. Sikukuu ya siku nne maana yake jasho halikukaushwa na mtu.

Na hiyo AC ni kubwa kupita chumba. Inafikia nyuzi 18 upesi, kompresa inakata kabla haijakamua maji hewani, feni inaendelea kupuliza juu ya koili iliyolowa na kurudisha unyevu ule ule chumbani. Mnapata baridi bila ukavu, na hapo ndipo kuvu inapostawi.

Kwa hiyo mleta uzi ana haki nusu. Mashine haina kosa. Kosa ni kuiwasha kama ya ofisi ya meneja, mchana tu.

#7 Fundi Chokaa
Ngojeni, msifunge mjadala mapema. Jengo ni la lini?

#8 Mtunza Majalada
La zamani sana, kuta nene za mawe ya matumbawe. Lilikarabatiwa miaka michache iliyopita, likapigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta inayong'aa.

#9 Fundi Chokaa
Nilijua. Nimefanya kazi za chokaa Bagamoyo, Unguja, na hapa mjini. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unanyonya maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha unayatoa polepole kupitia chokaa. Boma la Kale pale ufukweni limesimama tangu miaka ya 1860, enzi ya Sultani Majid, na halikuwa na AC wala kemikali. Lilikuwa na ukuta unaopumua na dari ndefu.

Ukipiga saruji na rangi ya mafuta juu ya ukuta huo, umeuziba pua. Maji yanaendelea kupanda kutoka chini lakini hayana pa kutokea, yanatafuta upande wenye unafuu, yaani ndani, kwenye rafu zako. Gonga plasta kwa fundo la kidole karibu na sakafu. Ikilia wazi kama debe tupu, imeshaachana na ukuta na nyuma yake kuna maji. Tazama pia kama kuna unga mweupe. Ule ni chumvi, watu wengi wanauita ukungu. Dondoshea tone la maji: chumvi inayeyuka, kuvu haiyeyuki.

AC ingetolewa leo, ukuta huo ungewaletea ukungu masika ijayo.

#10 Bibi Karani
Wanangu, hamjambo. Mimi nilikuwa karani wa majalada kuanzia miaka ya sabini hadi nilipostaafu. Tulikuwa na maneno matatu na kila moja lina mahali pake. Nguo iliyokunjwa na majimaji ikapata madoa meusi, hiyo imepiga kawa. Mkate unaota ukungu. Kuvu ndiyo ya kwenye miti na magogo. Sasa naona yote mnaita kuvu, sawa, sayansi imeunganisha.

Zamani kila mtoto wa meza tuliutia karafuu na majani makavu ya mwarobaini, na kila Ijumaa tulipangusa rafu moja, jalada moja moja, kwa kitambaa kikavu. Mkuu wetu alikuwa akipitisha kidole. Sikumbuki kuona manyoya ya kijani anayoeleza huyu kijana.

#11 Mwana Maabara
Shikamoo bibi. Karafuu ina kemikali iitwayo eujenoli, ambayo kweli inazuia kuvu maabara. Lakini mafuta yake yakigusa karatasi yanaacha doa, na harufu ikiisha kinga imeisha. Mimi naona kilichowaokoa ni ile Ijumaa. Jalada linaloguswa kila wiki linapata hewa, na ugonjwa unaonekana mapema.

#12 Bibi Karani
Marahaba. Karafuu tulikuwa tunabadilisha, mwanangu. Hatukuwa wavivu.

#13 Lenzi Safi
Sisi wa kamera tunajua maumivu haya. Lenzi ikikaa kwenye begi masika moja, unakuta utando kama wa buibui ndani ya kioo. Mzee wangu alikuwa na studio Ilala, akaacha masanduku ya negativu. Negativu ina tabaka la jelatini, na jelatini kwa kuvu ni kama supu ya kongoro. Nilipozifungua, harusi za watu za miaka ya sitini zilikuwa zimeliwa nyuso. Shela inaonekana vizuri, pete inaonekana, uso wa bibi harusi una tundu lenye kingo kama ramani ya kisiwa. Nilikaa nazo chini sikusema kitu.

Sasa naweka kila kitu kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko unaobana, na silika jeli ndani, vile vipunje vinavyonyonya unyevu. Ikibadilika rangi naikausha kwenye oveni.

Mtunza Majalada, una kipima unyevu? Kama huna, nina vitatu vidogo, nitakuazima. Tukutane Kariakoo.

#14 Mtunza Majalada
Sina hata kimoja. Asante sana mkuu, nakuja PM.

#15 Msomi wa Kigamboni
Hii mambo ya moshi kutoka kwenye kitabu inanikumbusha laana ya Farao. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa, wote walioingia walikufa kwa kuvu. Mleta uzi ajiandae.

#16 Mwana Maabara
Kaka usimtishe mtu. Kaburi liligunduliwa Novemba 1922. Lord Carnarvon alikufa Aprili 1923 baada ya jeraha la mbu kuingia vijidudu. Howard Carter, aliyeligundua na kukaa humo miaka, aliishi hadi 1939. Hao "wote" unawatoa wapi?

Kesi yenye kuvu kweli ni ya Kraków, Poland. Mwaka 1973 walifungua kaburi la Mfalme Kazimierz wa Nne, watafiti kadhaa wakafariki muda si mrefu baadaye, na ndani ikapatikana Aspergillus flavus. Hata huko hakuna aliyethibitisha kuwa kuvu ndiyo iliyowaua.

#17 Mama wa Temeke
Aspergillus flavus ndiyo ile ya sumukuvu? Ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa mahindi?

#18 Mwana Maabara
Ndiyo hiyo hiyo dada. Ila pale sumu ililiwa ndani ya ugali. Ya kwenye majalada shida yake kubwa ni kuvuta spora: mafua yasiyoisha, macho kuwasha, pumu. Kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kuota mapafuni.

#19 Mama wa Temeke
Basi nisikilizeni. Mimi nilifagia ghala la makaratasi miaka minne, ofisi moja nisiyoitaja. Fagio la chelewa, kitambaa puani, hakuna barakoa. Kila masika kifua kinabana, nikiambiwa ni vumbi tu. Pumu nimeipatia ukubwani, nikiwa na miaka 38. Daktari aliniuliza kazi yangu, nikamwambia nafagia, akaandika "mfagizi" akaendelea. Hakuna aliyeniuliza nafagia nini. Mleta uzi, umesema umekohoa siku mbili. Anayesafisha hapo kwenu anakohoa siku ngapi? Mmemuuliza?

#20 Mtunza Majalada
Sijamuuliza dada. Kesho asubuhi namuuliza, na namtafutia N95 kabla ya yangu.

#21 Dada Hadubini
Mama wa Temeke kasema la maana kuliko sisi wote. Nikiwa chuo tuliweka visahani vya petri, vile vya maabara vyenye rojo ya kuoteshea kuvu, kwenye chumba cha vitabu. Kanuni yake ni rahisi: kisahani cha sentimita 9, mita moja kutoka sakafuni, mita moja kutoka ukutani, wazi saa moja. Kisha unafunika, unangoja siku tano, unahesabu makoloni. Tuliweka kabla ya kufagia na baada. Vya baada ya fagio la chelewa vilijaa hadi hatukuweza kuhesabu.

Kilichonifundisha zaidi ni rangi. Kisahani cha nje, chini ya mwarobaini, kilikuwa na mchanganyiko: nyeusi, waridi, nyeupe, kijani, kila aina. Cha ndani kilikuwa kijani cha aina moja karibu chote. Ndani ikifanana na nje, ni hewa ya kawaida. Ndani ikitawaliwa na aina moja, kuna kitu humo chumbani kinaota.

Lakini visahani vina upungufu. Vinakamata kinachoanguka chenyewe, na spora ndogo hazina haraka ya kuanguka. Kupima hasa kunataka pampu inayovuta hewa kwa kipimo kinachojulikana.

#22 Msomi wa Kigamboni
Agari, hiyo rojo ya kwenye visahani, si ndiyo inatoka kwenye mwani wetu wa Zanzibar? Tunauza ghafi halafu tunanunua visahani kwa dola.

#23 Mzawa wa Paje
Hapana ndugu yangu. Mama yangu amelima mwani maisha yake. Wetu ni spinosamu na kotonii, huo unatoa karajinani, wanatia kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Agari inatoka kwenye mwani wa jamii nyingine. Bei yetu inauma kweli, lakini huo ni uzi wake.

#24 Fundi Viyoyozi
Turudi chumbani kwa Mtunza Majalada. Mbali na AC, kuna kitu kingine kiliingia humo mwaka jana?

#25 Mtunza Majalada
Sasa umenikumbusha. Mwezi Novemba tulipokea maboksi kama arobaini kutoka ghala letu lingine, lililokuwa limevuja paa. Tuliyapanga pembeni, na hayajafunguliwa hadi leo.

#26 Dada Hadubini
Jamani! Ungeanza na hilo! Boksi la karatasi lililolowa, likafungwa, likaletwa ndani ya chumba chenye hewa inayozunguka hiyo hiyo. AC inavuta hewa pembeni kwenye maboksi, inaipuliza kwenye rafu. Chanzo ni maboksi, AC ni daladala tu.

#27 Fundi Chokaa
Daladala bila abiria mwenye maji haiendi popote. Spora za maboksi zikitua kwenye rafu kavu zingelala tu kwa njaa ya maji. Narudi kwenye ukuta.

#28 Fundi Viyoyozi
Na rafu zilizoumia ziko karibu na AC, si karibu na ukuta. Mleta uzi kasema mwenyewe #1.

#29 Fundi Chokaa
AC imening'inizwa wapi kama si ukutani?

#30 Kiti cha Mbele
Hapo mafundi mmekutana.

#31 Msomi wa Kigamboni
Nilisoma kuhusu pango moja la michoro Hispania, Lascaux, nalo liliharibiwa na AC.

#32 Mhifadhi Mkimya
Nimekuwa nasoma tu, ila hili nalijua. Lascaux ni Ufaransa. Ya Hispania ni Altamira. Lascaux iligunduliwa 1940, ikafungwa kwa wageni 1963 kwa sababu pumzi na joto la watu vilikuwa vinaotesha mwani ukutani. Mwaka 2001, muda mfupi baada ya kuwekwa mtambo mpya wa kurekebisha hewa, sakafu na kingo zikafunikwa na kuvu nyeupe, Fusarium solani. Wakapiga dawa, wakamwaga chokaa. Miaka michache baadaye yakaja madoa meusi ya kuvu nyingine. Wapo wanaosema ni mtambo, wapo wanaosema ni mafundi walioingia na matope wakati mvua kubwa, wapo wanaosema dawa yenyewe iliua washindani na kuwaachia uwanja hawa weusi. Wanabishana hadi leo, na wana pesa na maabara. Kwa hiyo msione ajabu hapa.

Kwa Mtunza Majalada, nakuandikia kwa sababu najua Jumatatu utataka kusafisha haraka. Usipanguse. Kuvu hai ina maji, ukipitisha kitambaa unaisugua ndani ya nyuzi za karatasi na doa halitoki tena. Kila jalada lililoota liwekwe kwenye mfuko wake, lihamishiwe chumba kingine. Hatua ya kwanza ni kukausha kwa feni isiyopuliza moja kwa moja juu ya vitabu. Ikishakauka na kuwa unga, tumia brashi laini, ukisukumia kwenye mdomo wa kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa hata spora. Kifyonza cha kawaida kinatoa spora nyuma na kuzisambaza chumba kizima. Jik usiiguse, inakula karatasi. Spiriti ya asilimia 70 inaua, lakini wino wa taipu na mihuri unaweza kutembea, jaribu pembeni kwanza.

Kama majalada ni mengi kuliko mikono, friza. Nyuzi 20 chini ya sifuri zinasimamisha kila kitu mpaka utakapopata nafasi.

#33 Lenzi Safi
Friza inaua kabisa?

#34 Mhifadhi Mkimya
Hapana. Inalaza. Spora nyingi zinaamka zikipata joto na maji.

#35 Bibi Karani
Na jua? Sisi vitabu vilivyolowa tulivianika.

#36 Mhifadhi Mkimya
Bibi, kivuli chenye upepo ni salama zaidi. Jua la saa sita linafifisha wino na kuukunja mgongo wa ngozi kama ganda la muhogo.

#37 Bibi Karani
Tulianika saa mbili asubuhi, upande wa baraza. Saa sita vilikuwa ndani. Naona tunasema jambo moja.

#38 Mtunza Majalada
Wakuu, nimerudi na vipimo. Kwanza, dada anayesafisha anakohoa tangu Aprili. Alikuwa hajasema kwa kuogopa ataonekana mvivu. Ana barakoa sasa, na nimeandika barua apelekwe hospitali kwa gharama ya ofisi. Asante Mama wa Temeke.

Lenzi Safi alinifundisha kuhakiki vipimo: chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo kwenye kizibo cha chupa, ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na kipimo, usiku mzima. Kipimo kizima kinasoma 75. Viwili vilisoma 75, kimoja 72, huyo namwongezea 3.

Jumatatu saa moja asubuhi, kabla ya kuwasha AC: rafu ya karibu na AC 88, pembe ya maboksi 81, ukuta wa upande wa pili 79. Saa tano AC ikiwa inafanya kazi: 64, 77, 70. Nimegonga plasta. Karibu na sakafu inalia kama debe, pande zote mbili. Na boksi la chini kabisa nimelifungua: karatasi zimeshikana kama mkate wa kumimina.

Ile rejista ya kwanza imeshakauka. Nimepiga brashi ukurasa mmoja kwa dakika arobaini. Majina ya wakulima na vijiji vyao yanasomeka yote, wino wa Mjerumani haukutetereka. Pembeni, kwenye safu ya sahihi za dole gumba, kuvu imekula alama kumi na moja.

#39 Fundi Chokaa
81 kwenye pembe na 79 ukutani, AC ikiwa imezimwa. Huo ni ukuta.

#40 Dada Hadubini
77 kwenye maboksi hata AC ikiwaka. Hayo ni maboksi. Yatoe leo.

#41 Fundi Viyoyozi
Kuna 88 mnairuka. Mtunza Majalada, hicho kipimo kilikuwa umbali gani kutoka kwenye tundu la AC, na mlango mara ya mwisho ulifunguliwa Ijumaa saa ngapi?